Solfa naisoma vizuri, urefu wa nota za mistari mitano unanichanganya. Nisaidieni

Alto wa Kihonda

Tumsifu Yesu Kristo kwa wanakwaya, na salamu kwa wengine wote.

Naimba sauti ya pili parokiani kwetu, Morogoro. Solfa, yaani nota za herufi (d, r, m), naisoma bila shida. Karatasi mpya ikigawiwa jioni ya mazoezi naimba sauti yangu bila kusubiri kufundishwa. Mpiga kinanda wetu amehamishwa kikazi, na mwalimu ameniomba nijifunze ili nishike nafasi yake. Nimekubali kwa moyo wote, maana Misa yetu bila kinanda inapwaya. Vitabu vya kinanda nilivyopata vyote ni vya mistari mitano.

Kujua nota ipi ni ipi si tatizo tena. Tatizo ni muda. Nimekariri kwamba semibrevi ni mapigo 4, minimu 2, krocheti 1, kweva nusu, semikweva robo. Wimbo ukiwa wa 4/4 mambo yanaenda. Nikifungua wa 6/8, kitabu kinasema kweva ndiyo pigo moja, kwa hiyo krocheti imekuwa mawili, na wakati huohuo mwalimu wetu akisimama mbele anapiga mkono mara mbili tu kwa kila kipimo (nafasi kati ya mstari wima na mstari wima). Sita ziko wapi?

Nukta nayo. Nikiona krocheti yenye nukta ikifuatiwa na kweva, nasimama. Kichwa kinajua ni "moja na nusu", vidole havijui.

Na hili la mwisho ndilo limenifanya niandike. Nina vitabu viwili vyenye "Usiku Mtakatifu". Kimoja kimeuandika 6/8, kingine 3/4, na nota hazifanani kabisa! Kwenye kimoja nota ya kwanza ni kweva yenye nukta, kwenye kingine ni krocheti yenye nukta. Lakini wimbo ni uleule tunaouimba kila Krismasi. Kuna kitabu kilichokosea?

Besi Mnyamavu

Dada, usiumize kichwa. Krocheti ni pigo moja, hiyo ndiyo sheria. 6/8 ichukulie kama kesi ya pekee, uikariri hivyohivyo ilivyo. Halafu ukitumia programu za simu zenye majina ya Kimarekani, ujue nota nzima ni semibrevi, nusu ni minimu, robo ni krocheti, ya nane ni kweva, ya kumi na sita ni semikweva. Mimi majina hayo yalinisaidia zaidi kwa sababu jina lenyewe linakupa hesabu.

Mwalimu wa Kinanda, Iringa

Milele amina. Dada Alto, vitabu vyako vyote viwili viko sahihi, na mwalimu wako naye yuko sahihi. Naomba unisome taratibu, kwa sababu hapa ndipo wanakwaya wengi wa solfa wanapokwama, na hawakwami kwa uvivu.

Ndugu Besi, kwenye majina ya Kimarekani niko pamoja nawe. Kwenye krocheti, hapana. Hakuna nota iliyozaliwa na mapigo yake. Semibrevi, minimu, krocheti, kweva na semikweva ni mafungu tu: kila moja ni nusu ya iliyotangulia. Ukienda dukani ukasema "nipe robo", muuzaji atakuuliza robo ya nini. Krocheti ni robo ya semibrevi, na semibrevi yenyewe haina urefu mpaka mtunzi aseme mwendo. Akiandika juu ya wimbo krocheti = 60, krocheti inachukua sekunde moja. Akiandika krocheti = 120, inachukua nusu sekunde, sawa kabisa na kweva ya ule wimbo wa kwanza. Jina halijabadilika, umbo halijabadilika, muda umekatwa katikati.

Pigo linaamuliwa na zile namba za mwanzo wa wimbo. Namba ya chini inataja nota inayohesabiwa: 4 ni krocheti kwa kuwa zinaingia nne kwenye semibrevi, 8 ni kweva, 2 ni minimu. Ya juu inasema zinatakiwa ngapi kujaza kipimo kimoja. Kuna nyimbo nyingi za zamani zimechapwa 2/2 au 4/2, na humo minimu ndiyo pigo, krocheti ni nusu pigo. Mtu akiingia na sheria ya "krocheti ni moja" atauburuza wimbo kwa nusu ya mwendo wake, na waumini wataishiwa pumzi katikati ya mstari.

Sasa 6/8. Kweva sita kwenye kipimo, ndiyo, lakini zinakwenda tatu-tatu. Wimbo ukiwa wa polepole sana unahesabu sita. Ukiwa wa mwendo wa kawaida, na nyimbo zetu nyingi za kutolea sadaka na za shukrani ni za namna hiyo, sikio linasikia mapigo mawili makubwa, kila moja lina kweva tatu ndani yake. Kweva tatu ni krocheti yenye nukta. Hilo ndilo pigo analopiga mwalimu wako kwa mkono. Kitabu kinakwambia kilichomo ndani ya kipimo, mkono wa mwalimu unaonyesha miguu inapokanyaga.

Naomba sasa usimame hapa, kwa sababu ndicho kitu ninachokiona kuliko vyote. Solfa na mistari mitano zinaandika muda kwa njia mbili zinazopishana. Kwenye solfa, kinachochorwa ni PIGO. Nukta mbili zinatenga pigo na pigo, mstari wima unatenga kipimo, nukta moja inalikata pigo katikati, mkato unakata robo, kistari kinasema endelea kushikilia. Mapigo yote yako mbele ya macho yako. Urefu wa nota unaupata kwa kutazama imevuka mapigo mangapi. Kwenye mistari mitano ni kinyume: kinachochorwa ni UREFU. Kila nota imebeba urefu wake kwa umbo, yaani kichwa cheupe au cheusi, mti, mkia. Pigo halijachorwa popote, unalitafuta wewe. Ndiyo maana wewe unayesoma solfa haraka unajikuta umepotea: umezoea karatasi ikuhesabie.

Na nukta ndiyo mtego mkubwa kuliko wote. Kwenye solfa nukta INAKATA pigo. Kwenye mistari mitano nukta iliyo kando ya nota INAONGEZA nusu ya nota hiyo. Alama ileile ya wino, kazi mbili tofauti. Hebu tazama:

d :-.r

Hii unaijua. Do inashika pigo la kwanza, kistari kinaipeleka mpaka katikati ya pigo la pili, nukta inakata, re inaingia kwenye nusu iliyobaki. Ukiiandika kwa mistari mitano kwenye wimbo wa 4/4 unapata krocheti yenye nukta kwa ajili ya do, na kweva kwa ajili ya re. Basi. Umeiimba kwenye solfa maisha yako yote ya kwaya. Kila ukikutana na krocheti yenye nukta ikifuatwa na kweva kwenye mwendo wa namna hii, chora kwa penseli juu yake "d :-.r" mpaka jicho lizoee.

Kwa vidole fanya hivi. Wengi wanafundisha kuhesabu "moja na, mbili na, tatu na". Kwa Kiswahili inatuponza, kwa sababu "moja na" ina silabi tatu, na mwanafunzi bila kujua anaanza kugawa pigo mara tatu. Namba zetu zina silabi mbili tayari: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Kila silabi ni nusu pigo. Sema sawasawa kabisa, mo-ja mbi-li ta-tu n-ne, ukikanyaga mguu kwenye silabi ya kwanza ya kila namba. Do unaibonyeza kwenye "mo", unaishikilia "ja" na "mbi", re unaibonyeza kwenye "li". Sema kwa sauti, usiseme moyoni. Moyoni mtu hujidanganya.

Nimebakiza "Usiku Mtakatifu", wimbo mzuri sana kujifunzia. Uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi mwaka 1818. Muziki ni wa Franz Xaver Gruber. Chukua nota nne za mwanzo.

Kitabu cha 6/8: kweva yenye nukta, semikweva, kweva, kisha krocheti yenye nukta.

Kitabu cha 3/4: krocheti yenye nukta, kweva, krocheti, kisha minimu yenye nukta.

Hesabu cha kwanza kwa semikweva: 3, 1, 2, 6. Hesabu cha pili kwa kweva: 3, 1, 2, 6. Uwiano ni uleule! Kilichofanyika ni kwamba kila nota imeandikwa mara mbili ya urefu, na kipimo kimoja cha 6/8 kimekuwa vipimo viwili vya 3/4. Mpiga kinanda akichagua mwendo unaofaa, hakuna mtu kanisani atakayejua umefungua kitabu gani. Na solfa yake?

s :-.l :s | m :- :-

Hiyohiyo kwa vyote viwili. Tofauti ni kwamba kwenye 6/8 ule mstari wa katikati huchorwa mfupi, kuonyesha uzito wa wastani. Ndiyo sababu hukuwahi kukutana na swali hili mpaka ulipofungua vitabu vya kinanda.

Jambo moja pembeni. Usimruhusu mtu akwambie solfa ni ya wasiosoma. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeianzisha, John Curwen akaisambaza kuanzia miaka ya 1840, wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 tuni tunayoiimba leo kwenye Wimbo wa Taifa, aliandika nyimbo zake kwa solfa. Wewe unaongeza mwandiko wa pili juu ya ule ulio nao.

Mwalimu Msingi, Nakuru

Mwalimu wa Iringa ameeleza vizuri sana, asante. Huku Kenya watoto wetu huanza na majina ya mdundo ya Kifaransa kabla hawajaona hata nota moja ubaoni, na ningependa dada ayajaribu. Krocheti ni "taa". Kweva mbili ni "ta-te". Semikweva nne ni "ta-fa-te-fe". Minimu ni "taa-aa". Krocheti yenye nukta na kweva, ile inayokusimamisha, ni "taa-aa-te": "te" inaangukia nusu ya pili ya pigo la pili.

Faida yake ni kwamba hayana namba. Mtoto hafikirii kama yuko pigo la tatu au la nne, anatamka tu na mdomo unajua. Mimi huandika mdundo ubaoni, darasa linautamka, kisha linaupiga makofi, kisha linautamka kimyakimya huku makofi yakiendelea. Wanaokosea wanajisikia wenyewe, kwa sababu kofi lao linabaki pekee.

Kwa 6/8 hutumia "taa-te-ti", silabi tatu sawa kwa kila pigo kubwa. Watoto huzishika upesi kuliko watu wazima, sijui sana kwa nini, labda kwa sababu wanacheza huku wakitamka.

Dumbak Unguja

Salaam alaykum jamani. Mimi si mtu wa kanisani, napiga ngoma ya dumbak kwenye taarab, lakini mada hii inanihusu, maana sisi tulifundishwa kwa mdomo na mkono kwanza, dum na tak, nota zikaja baadaye.

Dada akitaka kuona jinsi nota zinavyoficha pigo, achukue mdundo wa maqsum. Kwa mdomo ni hivi: dum tak, kimya, tak dum, kimya, tak, kimya. Nane sawa, kila kimoja nusu pigo. Uandike kwa 4/4 uone: dum ni kweva, tak ni krocheti, tak ni kweva, dum ni krocheti, tak ni krocheti. Jumlisha: nusu, moja, nusu, moja, moja. Mapigo manne kamili.

Itazame ile krocheti ya kwanza, ya tak. Imeanzia katikati ya pigo la kwanza na kuishia katikati ya la pili. Pigo la pili limepita na hakuna nota iliyoanza juu yake! Ukiamini kwamba "krocheti ni pigo" utaikanyagia mguu, na mdundo wote utavunjika. Mguu ubaki palepale, mkono ndio ucheleweshe. Mimi humwambia mwanafunzi akae, mguu wa kulia uende bila kusimama, na asiguse ngozi ya dumbak mpaka mguu umetulia.

Alto wa Kihonda

Asanteni sana, yaani sana. Nimesoma kila neno. Nimechora solfa juu ya kitabu changu cha 3/4 kwa penseli, na "mo-ja mbi-li" imenifungua. Ile krocheti yenye nukta inatoka sasa bila kufikiri. Maqsum nimeipiga juu ya meza mpaka wadogo zangu wakaja kuuliza kuna nini.

Mwalimu, nina mawili yamebaki. 3/4 ina kweva sita kwenye kipimo, na 6/8 nayo ina sita. Ukinifunikia zile namba za mwanzo, nitajuaje huu ni upi? La pili ni ule upinde unaounganisha nota mbili zinazofanana, halafu katikati yake kuna mstari wa kipimo. Nibonyeze mara mbili?

Mwalimu wa Kinanda, Iringa

Maswali mazuri, na la kwanza ndilo litakalokufanya mpiga kinanda.

Tazama mikia ya kweva. Zikiwa peke yake kila moja ina mkia wake. Zikikaa pamoja, mikia inaunganishwa kwa mstari mnene. Kwenye 3/4 mwandishi makini ataziunganisha mbili-mbili, makundi matatu. Kwenye 6/8 ataziunganisha tatu-tatu, makundi mawili. Hapo ndipo mistari mitano inapokuonyesha pigo bila kulitaja: kila mstari mnene unapoanza, mara nyingi pigo linaanza. Nukta mbili zako za solfa zimejificha humo. Ukifungua wimbo mpya usianze kusoma nota. Pitisha jicho kwenye makundi hayo, kanyaga mguu, kisha ndipo uguse kinanda.

Uzito nao unabadilika. Kwenye 3/4 unasikia MOJA-mbili-TATU-nne-TANO-sita, kwenye 6/8 ni MOJA-mbili-tatu-NNE-tano-sita. Piga makofi namna ya kwanza, kisha ya pili, kwa mwendo uleule, bila kusimama katikati. Ukiweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine, jaribu mkono wa kushoto upige mawili na wa kulia upige matatu kwa pamoja. Ni vigumu mwanzoni, lakini ngoma zetu nyingi zinakwenda hivyohivyo, na mwili wako unaujua mchanganyiko huo kuliko unavyodhani.

Kwenye hili nina la kuwaambia pia watunzi wanaosoma hapa. Neno la Kiswahili lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi hiyo ikiangukia kweva dhaifu, na silabi ya mwisho ikapewa pigo zito, waumini wanaimba neno lililopinda. Nyimbo zilizotafsiriwa zina tatizo hilo tele, na hata zetu mpya. Pangeni mdundo kutoka kwenye neno.

Upinde: ukiunganisha nota mbili za sauti moja zinazofuatana, unabonyeza mara moja na kushikilia urefu wa zote mbili. Ni kile kistari chako cha solfa kinachoendelea baada ya mstari wa kipimo. Mwandishi analazimika kuutumia kwa sababu hakuna nota inayoruhusiwa kuvuka mstari huo. Lakini upinde ukifunika nota za sauti tofauti, huo ni mwingine: unasema ziunganishwe kwa ulaini, na kila moja unaibonyeza kwa zamu yake.

Hukuuliza kuhusu vimya, ila vitakukuta. Kwenye solfa kimya ni nafasi tupu. Kwenye mistari mitano kila kimya kina alama yake na urefu wake, na lazima ukihesabu kama nota. Cha semibrevi kinaning'inia chini ya mstari wa nne ukihesabu kutoka chini. Cha minimu kinakaa juu ya mstari wa tatu. Kile cha semibrevi hutumika pia kwa kipimo kizima kilicho kimya, hata kama wimbo ni wa 3/4, kwa hiyo usishangae ukikiona mahali ambapo mapigo manne hayaenei.

Kwa wiki hii, chukua kitabu chako cha 6/8, "Usiku Mtakatifu", mkono wa kulia peke yake. Vinanda vingi vya umeme vina metronomu, kile kipima mwendo kinacholia. Iweke ilie mara moja kwa kila kweva, polepole, hata 80. Ikikaa sawa, iweke ilie kwa kila krocheti yenye nukta, ianze 40, na usizidi hapo mpaka ile semikweva ya mwanzo isikike fupi na safi bila kumezwa. Mkono wa kushoto uongeze baadaye, na uanze na besi tu. Ukifika kwenye kipimo kinachokusumbua, kipige picha ukiweke hapa, nitakiandikia solfa.